Shetani Niliyemchukua Hakuwa Wetu

Sehemu ya Tano

Wiki iliyopita niliwaacha jikoni kwa dada yangu. Mimi nina mashine ya kunyolea mkononi, na Wandy ana nusu ya nywele zake kichwani.

Baadhi yenu mmeuliza kama nina akili timamu. Subirini mmalize hii ya leo, ndipo mniulize vizuri.

Kwa ambaye ndiyo kwanza anafungua ukurasa huu: naitwa Fello. Nina miaka arobaini na moja, sina mke wala mtoto, na kazi yangu ni kukwaruza güira, lile bati la muziki wa merenge, kwenye bendi ambayo haijaalikwa popote tangu Krismasi. Dada yangu Miledys ni muuguzi, na ni mjane. Alikwenda mji mkuu siku kumi kusomea kazi ya chumba cha upasuaji, na mtihani wake ulikuwa Jumamosi. Watoto wake wawili akaniachia mimi, maana kila mtu mwingine aliyemwomba aligundua ghafla kwamba ana safari.

Solanyi ana miaka kumi na akili za mtu wa hamsini. Wandy ana mitano.

Siku ya kwanza niliunguza pazia. Siku ya pili nilimpeleka Solanyi dukani tukacheze dhumna, akawafunga wazee wote watatu, wakatufukuza. Siku ya tatu nikasema nitalisafisha jina langu: nitamnyoa Wandy mwenyewe, apendeze kwenye gwaride la shule.

Mtoto alijitazama kwenye kioo. Akanitazama mimi. Akafunga mdomo, na tangu Alhamisi ile jioni hakunisemesha neno hata moja.

Huko kununa ndiko kulikoniponza.

*

Ijumaa ikafika. Februari ni mwezi wa kanivali, na hapa La Vega hatuna watoto, tuna mashetani. Kila mtoto wa chekechea alivaa suti nyekundu yenye njuga, barakoa ya meno na pembe iliyofunika uso mzima, na mkononi kibofu cha ng'ombe kilichokaushwa, kikajazwa upepo na kufungiwa kamba. Kazi ya kibofu ni moja tu: kumchapa mtu makalio akiwa amejisahau.

Suti zote zilishonwa na fundi mmoja, kwa kitambaa kimoja. Mashetani kumi na tisa. Ungewapanga foleni, hata mama zao wangebahatisha.

Niliambiwa nimchukue Wandy saa sita. Nilifika saa sita na nusu. Nimeahidi kusema kweli kwenye gazeti hili, kwa hiyo nasema: nilikuwa kwenye dhumna.

Mwalimu Ivelisse alikuwa ameegemea geti, sauti imemkauka.

"Wewe wa nani?"

"Wa Wandy."

"Mchukue basi, kabla hawajaniua."

Walikuwa wamebaki mashetani sita hivi, wanakimbizana uwanjani na kuchapana.

"Wandy!" nikaita.

Kimya. Nikasema moyoni, si kaninunia huyu, ataitikaje?

"Wandy, acha kununa! Haya, nani anataka kupanda pikipiki?"

Shetani mmoja akasimama. Akanijia polepole, akanizunguka, halafu pwaa! Kibofu kikatua mahali pake.

"Huyu ndiye wangu," nikamwambia mwalimu.

Mwalimu hakugeuka hata kutazama.

*

Tukapanda bodaboda. Dereva mbele, shetani katikati, mimi nyuma. Kwenye njia panda ya sokoni tukasimamishwa na askari wa barabarani, bonge la mtu, ili lori la vipaza sauti lipite. Alikuwa ametupa mgongo, hatua moja tu kutoka kwetu.

Niliona mkono wa shetani unapanda. Sikuwahi kuudaka.

Pwaa!

Muziki wa lori wote ule, lakini kofi lile lilisikika. Askari akageuka mzimamzima.

"Nani?"

"Afande, nisamehe," nikaanza kujitetea. "Mtoto wa dada yangu, hana adabu, nyumbani nitamshughulikia."

Askari akamkazia macho shetani. Shetani akamkazia macho askari. Kisha yule bwana akaangua kicheko hadi kofia ikamcheza.

"Mwache, ndugu yangu. Mimi mwenyewe nina mmoja nyumbani wa aina hiyohiyo." Akamshika pembe, akamtikisa kichwa kwa mapenzi. "Haya, piteni, piteni!"

Ndani ya barakoa nikasikia kicheko. Nikafurahi. Nikadhani mjomba kasamehewa.

*

Nyumbani nikapika ndizi mbichi, nikaziponda, nikaweka mayai, jibini ya kukaanga na vipande vya salami, ile soseji yetu nene. Salami niliweka kwa mazoea tu. Wandy haigusi. Ukimwekea, anaisukuma kwa ncha ya uma kama mende aliyekufa.

Siku ile alikataa kuvua barakoa, lakini alikula kupitia meno ya shetani. Akala salami moja, ya pili, ya tatu. Akaonyesha sahani kwa kidole. Nikaongeza. Akamaliza sita.

Kisha akaenda kunawa mikono.

Naomba mnielewe hapa. Wandy hanawi mikono mpaka ashikwe na watu wawili. Huyu alikwenda mwenyewe, akatumia sabuni, akafunga bomba.

Nikakaa kitini, nikajipigapiga kifua. "Fello," nikajiambia, "ulezi ni kipaji, na wewe unacho."

Saa saba na robo Solanyi akarudi kutoka shuleni kwake. Akasimama mlangoni na begi mgongoni.

"Mjomba, huyu nani?"

"Huyu nani tena? Ndugu yako. Kala salami sita."

"Wandy hali salami."

"Kwako hali. Kwangu anakula."

Solanyi aliinama, akatazama chini ya meza.

"Mjomba, asubuhi nilimvalisha Wandy raba za bluu. Hizi nyekundu, zina vipepeo."

Nikatazama. Zilikuwa nyekundu, na zilikuwa na vipepeo.

Nikavuta barakoa. Nilitegemea kuona kichwa nilichokiharibu mwenyewe. Nikaona mabutu mawili yamefungwa utepe wa njano, na sura ya mtoto wa kike ambaye sijapata kumwona tangu nizaliwe, mdomo unang'aa mafuta.

"Kuna salami nyingine?" akauliza.

Nilikaa sakafuni.

"Unaitwa nani, mama?"

"Siruhusiwi kumwambia jina mtu nisiyemjua."

"Lakini chakula cha mtu usiyemjua unakula!"

"Baba hakusema kitu kuhusu chakula."

"Sasa kwa nini ulikuja na mimi?"

"Uliuliza nani anataka kupanda pikipiki."

Solanyi akaweka begi chini. "Umemwiba mtoto wa watu, mjomba," akasema taratibu, kama anayemsomea mgonjwa majibu ya vipimo. "Na wetu umempoteza."

*

Wakati huohuo simu ikalia. Miledys. Simu ya picha.

"Usipokee," nikasema.

"Asipopokelewa atapiga kwa jirani," Solanyi akasema.

Alikuwa sahihi. Na hapo ndipo lilipotokea lile ambalo hadi leo likinijia naona haya. Nilichukua ile barakoa, nikamvalisha tena mtoto wa watu, nikamkalisha mezani, nikabonyeza simu.

"Yuko wapi shetani wangu?" Uso wa dada ukajaa kioo chote. "Jamani, kapendeza! Wandy, mwambie mama, umekula nini?"

Yule mtoto akasogea karibu na simu.

"Salami sita," akasema kwa sauti nzito ya kishetani.

"Salami!" Miledys akashika mdomo. "Fello, kala salami? Ngoja, ngoja, tulia hivyo hivyo, nipige picha."

Akapiga picha. Kisha nikaona macho yake yanalengwa na machozi.

"Kaka yangu, nisamehe. Silali huku. Nilikuwa nasema nimewaacha wanangu na mtu asiyeweza hata kumtunza paka. Kumbe nimekuonea."

Afadhali angenitukana. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Lakini kesho yake ndiyo mtihani. Ningesema, angepanda basi la saa nane, na ile kazi aliyoihangaikia miaka miwili ingekwenda kwa mwingine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba niliogopa.

"Soma, dada," nikasema. "Huku hakuna neno."

"Halafu, mama mkwe alipiga asubuhi. Anasema huenda akateremka Jumapili kuwaona. Nyumba iwe safi, Fello. Unamjua."

Namjua. Bibi Eufemia wa Jarabacoa. Tangu mwanawe afariki anawataka wale watoto wakakae naye kule milimani, na tangu siku hiyo anatafuta sababu.

Simu ikakatika. Solanyi alikuwa amesimama nyuma ya friji, ananitazama.

"Umemdanganya mama."

"Najua."

"Na mimi nimekaa kimya, kwa hiyo na mimi nimemdanganya."

Hilo lilinichoma kuliko yote. Kuharibu nywele za mtoto ni jambo moja, zitaota; kumfundisha uongo ni jingine.

*

Solanyi akavuta kiti, akaketi mbele ya yule mtoto.

"Jina usiseme. Niambie tu, baba yako anafanya kazi gani?"

"Anasimamisha magari."

"Wapi?"

"Tulimpita," mtoto akasema, na kunionyesha mimi. "Si yule niliyemchapa?"

Nikainama hadi usoni kwake.

"Yule askari ni baba yako? Kwa nini hukumwambia?"

"Mama amesema tusimsumbue baba akiwa kazini."

Solanyi alikuwa ameshapata jibu. "Mjomba, kama wewe umechukua wa kwao, huenda na wao wamechukua wa kwetu. Twende."

Tukatoka mbio. Tulipokaribia soko tukakuta watu wamejaa barabarani. Mama muuza yaniqueque, zile chapati zetu za kukaanga, alikuwa akisimulia huku mwiko uko juu.

"Mtoto wa Koplo Eladio kaibwa! Mwanaume mwembamba, shati la maua, kamnyakua palepale shuleni! Na wakimtia mkononi, shauri yake!"

Nikajitazama. Mwanaume mwembamba, shati la maua.

"Vua shati, mjomba," Solanyi akanong'ona.

Nikalikunja nikalitia kwapani. Nikaingia kwenye kundi lile na fulana yenye matundu, nimemshika shetani mkono, na kila hatua naona ndiyo ya mwisho.

Njia panda ilikuwa imekufa. Magari yamefungana, honi zinalia, na katikati yake Koplo Eladio anakemewa na mkewe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya king'ora.

"Fanya kitu, Eladio! Unasimamisha malori, mwizi mmoja wa mtoto anakushinda?"

"Nafanya, Yudelka, nafanya!"

"Unafanya nini? Unatoa jasho!"

"Wewe kaa nyuma yangu," Solanyi akaniambia. "Usiseme neno."

Akatangulia na yule mtoto. "Shikamoo, afande. Samahani..."

Hakumaliza. Shetani aliona mgongo wa baba yake na hakuweza kujizuia.

Pwaa!

Eladio akaruka, akageuka. "Wewe tena!"

Kundi zima likageuka. Hata honi zilipungua. Yudelka akamtazama mtoto, akaivuta barakoa, mabutu yakachomoza.

"Anyelina! Mwanangu! Mwanangu!" Akamkumbatia, akambusu, akamkagua mikono na miguu. Kisha akatulia. Akainua kichwa pole pole kumwelekea mumewe.

"Tena?"

"Tena nini, mke wangu?"

"Umesema 'wewe tena'. Tena maana yake nini, Eladio?"

Koplo akavua kofia, akaivaa tena.

"Tulipita hapa na pikipiki," Anyelina akaeleza kwa furaha. "Nikamchapa baba. Baba akanishika pembe, akasema piteni, piteni."

Niliona hasira ya mwanamke yule ikitoka kwangu, ambako ilikuwa njiani kufika, na kuhamia kwa mumewe.

"Mwizi kapita na mwanao mbele ya pua yako, ukamwambia *piteni*?"

"Yudelka, alikuwa kavaa barakoa..."

"Mtoto umemzaa wewe! Sauti yake huijui? Mkono wake huujui?"

Akamnyang'anya mtoto kibofu. Alimchapa koplo mara tatu, na watu wakahesabu kwa sauti. Kisha akanikumbuka mimi, nikapata mbili. Sikulalamika. Zilikuwa halali yangu.

Solanyi alieleza kila kitu, kuanzia dhumna hadi salami, hakuacha lolote. Alipomaliza, Eladio alinivuta pembeni, akarekebisha kofia.

"Sikiliza, bwana. Kwa haki ningekuweka ndani. Lakini nikikuweka ndani nitaandika maelezo, na nikiandika maelezo lazima niandike kwamba nilikuruhusu upite. Kwa hiyo mimi sikukuona."

"Wala mimi sikukuona, afande."

"Basi potea."

"Lakini afande, wangu yuko wapi?"

"Wako yupi?"

"Mwingine. Mvulana. Suti kama ile, raba za bluu. Kanyolewa..."

"Kanyolewa vibaya?" Eladio akakunja uso. "Kama kalala zizini, mbuzi wakamtafuna?"

"Huyo huyo," nikasema. Sijawahi kutamka neno kwa fahari ndogo kiasi kile.

"Kapita hapa nusu saa iliyopita, kwenye gari jeupe, yuko na bibi mmoja mwenye mwavuli mweusi. Nilimuuliza bibi, huyu mtoto kafanywa nini kichwani? Akanijibu, 'Ndilo ninalokwenda kuuliza.'"

Solanyi akanishika mkono. Tangu wiki ile ianze, ndiyo mara ya kwanza nilimwona ana miaka kumi tu.

"Ni Bibi," akasema. "Bibi hakungoja Jumapili."

*

Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa mbele ya mlango.

Ndani, Bibi Eufemia alikuwa amekaa kwenye kiti cha Miledys, mgongo umenyooka, mwavuli umelazwa magotini. Wandy alikuwa pembeni yake na suti ya shetani, kichwa wazi, kile kichwa. Mlangoni palikuwa na mabegi mawili yamefungwa. La bluu na la waridi.

"Kaa, Rafael."

Hakuna anayeniita Rafael isipokuwa yeye na mahakama. Nikakaa.

"Dada yako alikuachia watoto wangapi?"

"Wawili, Mama."

"Mmoja nilimchukua mimi shuleni kabla ya saa sita, nikatia sahihi ofisini. Nilitaka kumfurahisha. Sasa ni saa tisa. Kuna aliyenipigia kuuliza yuko wapi?"

Nikatazama miguu yangu.

Akatoa simu kwenye mkoba, akavaa miwani, akanigeuzia kioo. Ile picha. Shetani mezani, mabaki ya salami, na maneno ya Miledys chini yake: Tazama mjukuu wako anavyokula!

"Hii ilinifikia saa saba na nusu. Mjukuu wangu nilikuwa naye kwenye aiskrimu. Huyu nani?"

"Anyelina," Solanyi akasema. "Wa Koplo Eladio. Tumeshamrudisha."

"Ahsante, mwanangu. Nimemuuliza mjomba wako."

Mpaka hapo nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari kichwani, na mmoja ulikuwa mzuri kweli. Nikamtazama Solanyi. Nikauacha.

Nikasema yote. Kuchelewa, dhumna, pikipiki, barakoa niliyomvalisha mtoto wa watu ili kumdanganya dada yangu. Sikutafuta pa kujificha. Nilipomaliza, ikatoka sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Alhamisi.

"Mjomba," Wandy akasema, "ulichukua mwingine?"

"Nilidhani ni wewe."

"Mimi sili salami."

"Najua, baba. Nilipaswa kujua."

Akafikiri. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Na yeye ulimnyoa?"

"Hapana."

"Afadhali," akasema. Akashuka kwenye kiti, akaja kukaa kwenye goti langu, bado kanuna, lakini kwenye goti langu.

Bibi Eufemia aliona. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji kufutwa.

"Nicanor alikuwa mwanangu wa pekee," akasema. "Miaka minne sasa. Nyumba hii niliijenga mimi. Nimemwachia mkewe akae, alee watoto wa mwanangu, na sikumwomba chochote ila kimoja tu: katika nyumba hii lisitajwe jina la mwanaume mwingine. Hilo kalitunza, nakubali. Na wewe leo umesema kweli, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Kwa hiyo sitawachukua kama mwizi. Mpigie dada yako. Mbele yangu. Mwambie ulivyoniambia mimi. Akisema wabaki, mabegi nitayafungua kwa mkono wangu."

"Mama, kesho ana mtihani. Akisikia hivi ataacha kila kitu aje."

"Ndivyo mama anavyofanya."

"Na kazi ataikosa."

"Piga simu, Rafael. Fungua sauti, nami nisikie."

Solanyi alikuwa anauma kucha. Nilidhani anaogopa kwa ajili yangu. "Mjomba," akanong'ona, "mpigie usiku. Saa hizi mama anasoma."

"Yuko bwenini kwa masista," Bibi akasema. "Asipopokea, masista watamwita. Piga."

Nikapiga. Nikaweka simu mezani. Ikaita, ikaita. Niliomba isipokelewe, na nilishaanza kuona maombi yangu yanajibiwa, pale ilipofunguka.

"Halo?"

Sauti ya mwanaume. Nene, tulivu, ya mtu aliyetoka kuamka usingizi wa mchana.

Tukatazamana.

"Halo? Kama unamtafuta Miledys, anaoga. Simu kaiacha hapa kitandani. Nani mwenzangu?"

Masista wa mji mkuu sijapata kuwaona, lakini nina hakika hawana sauti ile.

Mwavuli ukateleza magotini kwa Bibi, ukaanguka sakafuni. Nikanyoosha mkono nikate simu. Wandy alikuwa karibu zaidi. Alirukia meza, uso wote umewaka furaha.

"Osiris! Osiris, ni mimi! Bibi kaninunulia aiskrimu!"

Solanyi alimziba mdomo kwa mikono miwili. Alichelewa.

"Jembe langu!" sauti ikacheka. "Hujambo, Wandy? Dada yako yuko wapi? Mwambie zile peremende za nazi nimezipata!"

Nikakata.

Bibi Eufemia aliinama, akaokota mwavuli wake, akaulaza tena magotini, akaunyoosha. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao sitausahau:

"Rafael. Osiris ni nani?"

Nikamtazama Solanyi. Solanyi akatazama dari. Nikamtazama Wandy, macho yake juu ya vidole vya dada yake yanacheka.

"Sijui, Mama," nikasema.

Wiki nzima nilikuwa nimedanganya kila mtu mjini, na kila mtu aliniamini. Sasa nikasema kweli tupu, mkono kifuani, na hakuna mtu hata mmoja chumbani mle aliyeniamini.